Kazi Kabla ya Mtihani: Jinsi Vyuo vya Wasichana vya India Vinavyowatafutia Wanafunzi Ajira

Natumai umekwisha kuyapitia mashairi na mafumbo ya kurasa zilizotangulia. Mimi mwaka huu sikuja na shairi. Nimekuja na jambo ambalo wengi wetu wa kidato cha tatu na cha nne hulinong'ona bwenini taa zikishazimwa: tukimaliza kusoma, kazi tutaipata wapi? Jibu langu nimelitoa mbali, huko India, kwa sababu nimesikia namna chuo kinavyomshika msichana mkono na kumfikisha hadi mlangoni kwa mwajiri kabla hata hajafanya mtihani wake wa mwisho.

Habari hizi nimezipata kwa mtu wa karibu. Binti wa shangazi yangu, ambaye mimi humwita dada kwa kuwa kanizidi miaka kumi, alisomea uhandisi wa kompyuta katika chuo cha wasichana mjini Pune, jimbo la Maharashtra. Wakenya waliosoma mji huo si haba. Yeye akiwa mgeni hakuhusika na kutafutiwa kazi, kwani viza ya mwanafunzi si kibali cha kuajiriwa, na kampuni zinazokwenda vyuoni huwataka wenyeji. Basi alikaa pembeni akiwatazama wenzake wa chumba kimoja wakihangaika. Na mtazama ngoma, si mnajua, huona mpaka anayekosea hatua. Nilimhoji likizo nzima, hata akachoka nami. Mengine nimeyasoma mwenyewe.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Wahindi hulitumia neno la Kiingereza, nasi tungelitamka pleisimenti. Hapa Kenya neno hilo hilo limezoeleka kwa jambo jingine: KUCCPS, shirika lililotokana na Sheria ya Vyuo Vikuu ya mwaka 2012, ndilo huwapangia vyuo waliofaulu KCSE. Yaani kwetu ni kuingizwa chuoni. Kwao ni kutolewa chuoni na kutiwa kazini. Mimi nitaiita Ofisi ya Ajira tu, nisije nikawachanganya.

Je, kwa nini msichana wa huko aihitaji ofisi hii kuliko mvulana? Hebu tazama hesabu hizi. Mwaka wa masomo 2021-22 vyuo vya India vilikuwa na wanafunzi wapatao milioni 43.3, na kati yao milioni 20.7 walikuwa wa kike. Karibu nusu kwa nusu! Lakini uchunguzi wa serikali yao wa mwaka 2017-18 ulionyesha kuwa kati ya wanawake 100 wa miaka 15 na zaidi, ni 23 tu waliokuwa kazini au wakitafuta kazi. Ilipofika 2023-24 idadi hiyo ilikuwa imepanda hadi karibu 42, ila sehemu kubwa ya ongezeko ilikuwa vijijini. Mijini, huko kwenye maofisi na viwanda, hawakufika hata 30. Basi wale mamilioni waliojaza madarasa huishia wapi? Kati ya chuo na kazi pana bonde, na wasichana wengi hupotelea humo. Dada ananiambia kwamba wazazi wengi wa wenzake waliridhia kwa moyo mkunjufu mabinti zao wasome. Lakini suala la binti kwenda kukaa peke yake mji mwingine kutafuta kazi lilipotajwa, ndimi zilikuwa nzito, na posa zikaanza kuzungumzwa. Kwa hiyo kazi inayokuja chuoni yenyewe, mbele ya walimu, ikiwa na barua yenye mhuri, ina uzito nyumbani ambao kazi ya kutafuta kwa miguu haina. Kwa maoni yangu hiki ndicho kiini cha ofisi hii katika vyuo vya wasichana. Wengine huiona kama dirisha la kugawa kazi tu. Mimi naiona kama mshenga baina ya binti, mzazi na mwajiri.

Tena wazo lenyewe si la juzi. Katika mji huo huo wa Pune aliishi mwalimu wa hesabu aitwaye Dhondo Keshav Karve, aliyezaliwa 1858. Mkewe alipofariki, mwaka 1893 alioa mjane, jambo ambalo watu wa tabaka lake walilihesabu kuwa aibu kubwa, nao wakamtenga. Hakutishika. Mwaka 1896 alifungua makao ya wajane, wasome na wapate kujitegemea. Mwaka 1916 akaanzisha chuo kikuu cha wanawake, cha kwanza nchini India, ambacho leo hujulikana kwa jina la SNDT na kiko Mumbai. Na shirika lililotokana na yale makao ya wajane ndilo lililofungua chuo cha uhandisi cha wasichana, Cummins College, mwaka 1991. Jambo lililonifurahisha mno ni hili: mzee huyu, akiwa na umri wa miaka 72, alifunga safari ya Afrika mnamo Desemba 1930, akafika Mombasa, Uganda, Tanganyika na Unguja. Kwa hiyo fikra hizi zilikwisha kupita pwani yetu kabla babu zetu hawajaoa! Karve alifariki 1962 akiwa na miaka 104.

Haya, turudi kwenye ofisi. Huwa ina mwalimu mmoja au wawili, na chini yao waratibu ambao ni wanafunzi wenyewe. Katika Lady Shri Ram, chuo mashuhuri cha wasichana kilichoanzishwa Delhi mwaka 1956, wanafunzi ndio nguzo ya kazi hiyo. Waratibu huziandikia kampuni barua, hupiga simu, hupanga tarehe, huandaa vyumba na kompyuta, hupokea wageni na kuhakikisha chai ipo. Dada anasema kuna msichana aliyeingia mwaka wa kwanza akiwa hawezi kuuliza swali darasani, na kufikia mwaka wa tatu alikuwa akibishana na meneja kwenye simu juu ya idadi ya wasichana watakaoitwa. Kazi ya uratibu haina mshahara, lakini mafunzo yake ni makubwa kuliko kitabu. Katika chuo cha mchanganyiko pengine mvulana angekishika kiti hicho, na msichana angepewa maua awakaribishe wageni. Hayo ni maoni yangu. Anayepinga na anijibu katika toleo lijalo.

Msimu huanza takriban Julai au Agosti wa mwaka wa mwisho. Kampuni hutangaza masharti kwanza, na hapa ndipo nataka mtege sikio, hasa nyinyi wa madarasa ya chini. Sharti la kawaida ni alama 60 kwa 100, na si chuoni peke yake. Hutakiwa 60 katika mtihani wa darasa la 10, na 60 katika darasa la 12, na 60 chuoni, tena bila somo uliloanguka ukawa bado hujalirudia. Yaani alama ulizopata ukiwa na miaka 15, wakati ulipokuwa ukisinzia prep, hukufuata mpaka mbele ya mwajiri ukiwa na 21. Mwenzake dada mmoja alikuwa hodari ajabu wa kompyuta, lakini darasa la 10 alipata 58 kwa kuwa aliugua mwaka ule. Kampuni baada ya kampuni, kompyuta ililitupa jina lake nje kabla hajaonana na mtu. Jambo hili mimi naliona dhuluma, hata kama waajiri husema hawana njia nyingine ya kupunguza maelfu ya maombi.

Wanaovuka hapo husikiliza kwanza maelezo ya kampuni. Kisha hufanya mtihani wa hesabu, mantiki na Kiingereza, sikuhizi kwenye kompyuta na kwa dakika za kuhesabika. Wanaobaki huingia katika kampuni fulani fulani kwenye majadiliano ya kikundi: wasichana wanane au kumi mezani, mada yatupwa katikati, dakika kama 15, na waamuzi wamekaa kimya nyuma wakiandika. Hapa ukinyamaza umekwisha, na ukimkata kila mtu maneno umekwisha pia. Wasichana wa mwaka wa juu huwafunza wadogo zao usiku bwaloni, wakijifanya waamuzi wakali. Halafu huja mahojiano ya ana kwa ana, moja la ujuzi na jingine la tabia. Mavazi ni nadhifu. Hosteli ya akina dada ilikuwa na koti moja jeusi lililohudhuria mahojiano mengi kuliko binadamu yeyote.

Katika mahojiano hayo kuna swali moja ambalo kila msichana hulingojea: "Je, ukiolewa utaacha kazi?" Au huvishwa nguo nyingine: "Wazazi wako wana mipango gani nawe miaka miwili ijayo?" Mvulana haulizwi hivyo. Waratibu wa chuo cha dada walikuwa na daftari ambamo maswali ya kila kampuni yaliandikwa mwaka baada ya mwaka, na kampuni iliyozidi kuuliza hilo, mwalimu wa ofisi aliipigia simu. Wasichana nao walifundishwa jibu fupi lisilo na hasira: nimekuja kuzungumzia kazi hii, na nia yangu ni kuifanya. Sheria za India nazo zina sehemu yake. Tangu 2013 kila mahali penye wafanyakazi 10 au zaidi lazima pawe na kamati ya kusikiliza malalamiko ya kunyanyaswa kijinsia. Mwaka 2017 likizo ya uzazi ilipandishwa kutoka wiki 12 hadi 26 kwa watoto wawili wa kwanza. Ni jambo jema, ila gharama yake ilimwangukia mwajiri, na hapo wengine wakapata sababu mpya ya kumwogopa msichana. Ofisi ya Ajira iliyo macho huuliza kampuni mambo haya waziwazi: zamu za usiku zipo? Gari la kuwarudisha nyumbani lipo?

Anayefaulu hupewa barua. Vyuo vingi vina kanuni ya mwanafunzi mmoja, kazi moja: ukipata, unatoka kwenye foleni ili mwenzako naye apate. Huachwa upenyo mdogo tu kwa kampuni yenye mshahara wa juu sana, ambayo wao huiita ya ndoto. Kanuni hii huwaudhi vigogo wa darasa, lakini bila hiyo wasichana watano wangekusanya barua ishirini na wengine wangelala njaa.

Sasa pesa. Mishahara huko hutajwa kwa laki kwa mwaka, na laki yao ni hii hii yetu, 100,000, kwani maneno hayo ni ndugu. Hata rupia yenyewe ilikuwa fedha ya hapa kwetu hadi 1920. Kwa zaidi ya miaka kumi kampuni kubwa za kompyuta zimekuwa zikiwaanzishia wahitimu wengi kwa laki 3 na kitu kwa mwaka. Lakini tahadhari! Tarakimu iliyoandikwa ni jumla ya gharama ya kampuni juu yako: ndani yake mna akiba ya uzeeni, bima, na bonasi ambayo huenda isije. Laki 3.6 ukiigawa kwa 12 ni rupia 30,000, ila mkononi hupati zote. Dada alisema kazi bora aliyoona ofisi yao ikifanya ni mwalimu kuketi na wasichana na kuisoma barua mstari kwa mstari, pamoja na mkataba wa kutoondoka mwaka mmoja au miwili, kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Na msidanganywe na matangazo. Chuo kikijigamba kuwa asilimia 95 walipata kazi, uliza asilimia 95 ya nani. Tuseme wasichana ni 200, waliojiandikisha katika ofisi ni 80, waliopata ni 76. Hiyo ni 95 kwa 100 ya waliojiandikisha, lakini ni 38 tu kwa 100 ya darasa zima. Wale 120 wengine? Baadhi wameendelea na masomo, baadhi hawakufikisha 60, na baadhi waliambiwa nyumbani wasijisumbue. Isitoshe, vyuo vya miji midogo kampuni hazifiki. Wasichana husafirishwa kwa basi hadi chuo kimoja wakashindane na wa vyuo vingine vitano.

Barua nayo si kazi bado. Mnamo 2022 na 2023 kampuni za kompyuta za India zilichelewesha maelfu ya wahitimu waliokuwa na barua mkononi. Mmoja wa wenzake dada alingoja miezi tisa, na kila mwezi ulipopita posa ilisogea hatua moja. Alikuwa akimpigia simu mwalimu wa ofisi kila Jumatatu, na mwalimu naye akiiandikia kampuni, na baba akionyeshwa kila barua ya majibu. Hatimaye aliitwa Bengaluru, safari ya usiku mzima kutoka Pune. Baba na mama walipanda basi naye, wakakagua hosteli ya wafanyakazi wa kike chumba kwa chumba, wakamuuliza mwenye nyumba lango hufungwa saa ngapi, wakaonja hata dengu za jikoni. Siku ya tatu walirudi kwao bila yeye.