Ubao Mseto wa Bao: Utengenezaji Binafsi na Mamlaka ya Wachezaji

Dhana ya utengenezaji binafsi, iliyofafanuliwa na Neil Gershenfeld katika kitabu chake *Fab* (2005), ni kwamba mtu wa kawaida mwenye mashine ya kukatia kwa leza au printa ya pande tatu aweza kujitengenezea kifaa ambacho kiwanda hakitaona faida kukizalisha. Katika vijiwe vya Tanzania wazo hili si geni: drafti huchorwa kwenye kipande cha plaiwudi, na kete zake huwa vizibo vya soda. Makala haya yanafafanua namna wazo hilo linavyoweza kuzaa ubao mseto wa bao, yaani ubao unaochezwa kwa mkono huku programu ikifuatilia mchezo.

Bao lina mashimo 32 na kete 64. Mbunifu mgeni angedhani kwamba kila shimo lahitaji kitambuzi cha kuhesabu kete, jambo ghali na lenye makosa mengi, kwani komwe hazilingani uzito. Kanuni zenyewe zaondoa haja hiyo. Mpangilio wa mwanzo wa namua unajulikana: kila mchezaji ana kete 10 ubaoni na 22 mkononi. Baada ya hapo programu yahitaji kujua mambo matatu tu: shimo lililoanzisha hoja, upande wa kusambaza, na iwapo mchezaji aliyefika kwenye nyumba yake amelala au ameendelea. Mengine yote hufuata kwa hesabu. Swichi nyepesi chini ya mashimo na kidhibiti kidogo aina ya Arduino vyatosha.

Ugumu halisi uko kwingine. Alexander de Voogt, katika utafiti wake wa 1995 kuhusu mabingwa wa Zanzibar, alionesha kwamba umahiri wa bao umo katika kuhesabu hoja kichwani. Ubao unaomwonesha mchezaji mwisho wa hoja kabla hajaicheza unamnyang'anya mchezo wenyewe. Vilevile, mkono ukikosea kusambaza, ubao na programu vitatofautiana. Kijiweni kosa hilo husahihishwa na mpinzani au watazamaji. Kwa maoni ya mtafiti, programu iwe karani, isiwe mwamuzi: itunze kumbukumbu ya hoja, na ikubali kusahihishwa na wachezaji.

Mji wa Tunduma, katika Mkoa wa Songwe ulioanzishwa 2016, unafanya suala hili kuwa la lazima. Mji umepakana na Nakonde, Zambia, ambako jamii ya michezo hii huitwa nsolo. Na ng'ambo ya Mto Songwe, nchini Malawi, kuna bawo, lililo karibu sana na bao. Ubao wa kiwandani ungechagua kanuni za upande mmoja na kuzifunga ndani ya kifaa. Faili la kukatia mbao na la programu, yakiwa wazi, yanamwezesha fundi wa Tunduma kubadili idadi ya mashimo, kuondoa nyumba, au kuandika kanuni ambazo wachezaji wa meza hiyo wamekubaliana kabla ya kete ya kwanza kuwekwa.