Suji, Odoyo au Rajab Ali: nani alikuwa mkali wa mpira wa kasi?

Hapa Suna, ninakotafutia riziki mbali na bahari, mazungumzo ya michezo ni Gor Mahia asubuhi na jioni. Ukitaja kriketi, vijana watakwambia huo ni mchezo wa Wahindi. Basi wataje majina: Odoyo, Odumbe, Ongondo, Angara. Hapo wanageuza shingo, maana majina hayo ni ya huku, ingawa wenyewe mchezo waliujulia Nairobi, kwenye viwanja vya klabu.

Kwa asiyeujua: mrushaji wa kasi huja mbio, akauachia mpira mgumu wa ngozi kwa mkono ulionyooka, ukadunda mbele ya mpigaji aliye umbali wa mita 20 hivi. Brett Lee wa Australia alirusha kwa zaidi ya kilomita 150 kwa saa, yaani mpigaji hana hata nusu sekunde ya kuamua. Warushaji wetu hawakuwa na kasi hiyo, tuseme kweli. Silaha yao ilikuwa kuupinda. Mpira ukiwa mpya, mshono wake ukielekezwa pembeni huufanya uhame njia hewani. Ukichakaa, wachezaji husugua upande mmoja kwenye nguo ung'ae, wa pili wauache na mikwaruzo yake.

Fundi wa mpira mpya alikuwa Martin Suji. Tarehe 29 Februari 1996, mjini Pune, India, Kenya ilitolewa yote kwa mikimbio 166 tu katika Kombe la Dunia, mbele ya West Indies yenye Ambrose, Walsh na Bishop. Nani angetupa nafasi? Suji akamng'oa Campbell. Rajab Ali akamng'oa nahodha Richardson, kisha mpira wake ukagusa gongo la Brian Lara, akiwa na mikimbio 8, Tariq Iqbal akaudaka. West Indies wakaisha kwa 93. Rajab Ali alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 17. Odumbe naye alichukua 3 kwa 15, lakini yeye alikuwa mzungushaji.

Kwa siku moja tu, basi, nampa Rajab Ali. Hakuna Mkenya mwingine aliyeshika mpira wa kasi siku nzito kuliko hiyo.

Kwa miaka, hesabu inabadilika. Suji alicheza Kombe la Dunia mara tatu, na mwaka 2003 kule Bloemfontein alichukua wiketi 3 kwa mikimbio 19, Zimbabwe wakaanguka, Kenya ikaingia nusu fainali. Thomas Odoyo alianza Kombe la Dunia mwaka 1996 akiwa na umri wa miaka 17, akalicheza mara tano hadi 2011. Alivuka wiketi 100 za mechi za siku moja, na gongo pia alilijua. Mwaka 2007 shirika la kriketi duniani lilimchagua mchezaji bora wa nchi zisizocheza Test. Kwangu mimi huyo ndiye mkubwa wao, japo kwa ova kumi za kwanza ningempa mpira Suji bila kufikiri mara mbili.

(Sisi wa pwani tuna Aasif Karim, mzaliwa wa Mombasa, aliyewapa Waaustralia mikimbio 7 tu na kuchukua wiketi 3 mwaka 2003. Alikuwa mzungushaji, kwa hivyo namweka kando, na moyo unakataa.)

Wapo wanaotuzima kwa takwimu za nje. Ni kweli, Oktoba 1996 Allan Donald wa Afrika Kusini alikuja Nairobi akachukua wiketi 6 za Kenya kwa mikimbio 23. Lakini Donald alicheza mechi 72 za Test, zile za siku tano zinazomfunza mrushaji subira. Hawa wetu hawakupewa hata moja. Ukipima mti, angalia na udongo.

Mwaka 2014 Kenya ilipoteza hata hadhi ya mechi za kimataifa za siku moja. Huku Migori kuna vijana warefu wenye mabega ya kazi hiyo, ila uwanja wa kriketi sijauona. Anayetaka kujifunza kuupinda mpira itabidi kwanza atafute nauli ya Nairobi.