Hotuba ya 30 Juni na Latini yenye tulizarau



Mudogo mumoja mwenye anasoma latin-philo aliniuliza siku moja: « Yaya, hii Latini itanisaidia nini? Benzangu bako mu pédagogie, bengine bako mu commerciale, bo batapata kazi. Miye nitajua tu Cicéron. » Nilicheka kwanza, kisha nikanyamaza. Miye pia niliulizaka vile wakati nilikuwa ku kiti yake, na jibu yenye nilipewa, eti Latini inafundisha kufikiri, haikunitosha. Kufikiri nini? Juu ya nani?

Basi nilimujibu na telefone. Nilimufungulia sauti ya Lumumba ya tarehe 30 Juni 1960, nikamwambia: sikia mara moja bila kuandika, kisha sikia tena na Bic mu mukono. Tuliendelea vile saa mbili nzima. Nataka niwaeleze hapa mambo yenye tulikuta, juu wengi wetu tunajua hotuba hii kama wimbo wa taifa, tunaipenda, lakini hatujawahi kuifungua tuone ilitengenezwa namna gani.

Tuanze na kitu kimoja cha darasani. Retoriki, kwa Wagiriki wa zamani, haikuwa kupamba maneno. Aristote, ku karne ya 4 mbele ya Kristo, aliieleza kama uwezo wa kuona, katika kila jambo, ni kitu gani kinaweza kumushawishi mwenye kusikiliza. Na aligawanya hotuba katika aina tatu. Kuna ya mahakama: inaangalia mambo yenye yalipita, inashitaki ao inatetea. Kuna ya baraza: inaangalia kesho, inashauri tufanye ao tusifanye. Na kuna ya sherehe: inasifu ao inalaumu mbele ya watu wenye walikusanyika. Kila mutu kwetu anajua tofauti hii hata kama hakusoma. Ku matanga, mutu akisimama akaanza kudai deni yenye marehemu alimukopa, watu watamuvuta shati. Deni inaweza kuwa ya kweli kabisa, lakini mahali si penyewe: alileta maneno ya mahakama ku sherehe.

Sasa tuingie Palais de la Nation, Léopoldville, asubuhi ya uhuru. Siku ile ilikuwa ya sherehe, na ratiba ilikuwa na hotuba mbili: mufalme Baudouin wa Ubelgiji, kisha rais Kasa-Vubu. Baudouin alisema mbele. Alifanya kazi ya sherehe kama kitabu kinavyotaka: alisifu. Lakini alimusifu Léopold II, akamuonyesha si kama mutu wa kupiga vita na kukamata inchi, ila kama mwenye kuleta maendeleo. Alishauri pia Wakongomani wasibadilishe mambo kwa haraka, na akawaambia kwa maneno mengine kwamba ni juu yao sasa kuonyesha kama Ubelgiji haikukosea kuwatumainia.

Simameni hapa kidogo, kwa sababu neno hili la mwisho linafundisha kuliko kurasa kumi za kitabu. Aristote anaongea juu ya hoja yenye inaacha kipande kimoja bila kukisema, na musikilizaji mwenyewe anakijaza. Inaitwa entimema. Mufalme anasema: tuliwatumainia, muonyeshe kama tulikuwa na haki. Kipande chenye hakusema ni hiki: uhuru ulikuwa mali yetu, tukawapa. Ukipiga makofi, umeshakubali kipande kile bila kujua. Mudogo wangu alisikiliza sehemu hii mara tatu, akasema: « Kumbe ni kama baba mwenye nyumba anakwambia: nimekuachia nyumba, usinivunjie. » Njo ile. Na nyumba si yake.

Kasa-Vubu akafuata, kwa heshima na utulivu. Kisha akasimama Lumumba, waziri mukuu, mwenye hakuwa ku programu.

Angalieni kwanza anaanza na nani. Mufalme ameketi pale, rais ameketi pale, mabalozi wamejaa. Anaita Wakongomani, wanaume na wanawake, wapiganaji wa uhuru wenye leo wameshinda. Cicéron pia alifanya kitu cha karibu na hiki ku mwaka 63 mbele ya Kristo, mbele ya Senati ya Roma: aliacha salamu za kawaida na kumugeukia Catilina uso kwa uso tangu neno la kwanza. Wenye walisoma latin-philo wanakumbuka namna tulitoka jasho juu ya ukurasa ule. Lakini tofauti ni kubwa. Cicéron alimugeukia adui. Lumumba aliwageukia watu wake, na adui akabaki ameketi pembeni anasikiliza mambo yake yakielezwa kwa watu wengine. Miye naona ile inauma zaidi.

Kisha anafanya kile kitu cha matanga chenye nilisema. Anachukua sherehe na kuigeuza mahakama. Wasomaji wengi wanajua maneno ya Kifaransa yenye yanarudia mwanzo wa kila kipande: « Nous avons connu », maana yake tulijua, tulipitia. Kurudia vile ku mwanzo wa sentensi kunaitwa anafora, na vitabu vya Latini viliipa mahali kati ya mapambo ya lugha. Lakini hapa si pambo. Kila « tulipitia » ni shahidi mumoja anaingia mu mahakama: kazi ya kuchokesha kwa mushahara wenye haukutosha kula wala kuvaa wala kulala vizuri, matusi na mapigo, ardhi yenye ilikamatwa kwa karatasi za sheria, sheria yenye haikuwa moja kwa muzungu na kwa mweusi, nyumba za fahari kwa wamoja na vibanda vya majani kwa wengine, mweusi mwenye anasafiri chini mu tumbo ya chombo, na muzungu juu mu chumba chake. Hakuna hata neno moja la kufikirika. Hakusema « ukandamizaji » akaacha pale. Alionyesha meli, duka, mushahara. Quintilien, mwalimu wa Roma wa karne ya 1, aliwafundisha wanafunzi wake vile: umuwekee musikilizaji kitu mbele ya macho.

Na katikati ya orodha ile kuna kitu kidogo sana, karibu cha sarufi. Lumumba anauliza nani atasahau kwamba mweusi aliitwa « tu », si kama rafiki, ila kwa sababu « vous » ya heshima iliwekwa kwa wazungu tu. Hapa mudogo alinishangaza. Aliniambia: « Lakini yaya, mu Latini banasemaka tu kwa kila mutu. Hata Cicéron anamwambia César tu. » Ni kweli kabisa, na sikuwahi kufikiria. Heshima haikuwa ndani ya neno lenyewe. Ni watu walitenga neno moja kwa wamoja, neno ingine kwa wengine.

Kama hotuba ingeishia ku mashitaka, pengine tungeisahau. Lakini Lumumba anasema yale yote yamekwisha, na kutoka pale « tulipitia » inakuwa « tutafanya »: tutaangalia upya sheria, tutaonyesha dunia mutu mweusi anaweza kufanya nini akifanya kazi katika uhuru. Anafora inaendelea, wakati umebadilika. Tumetoka mahakamani, tumeingia barazani. Kwa dakika chache aina zote tatu za Aristote zimepita, na ukisikiliza sauti utasikia makofi yenye yanamukatiza.

Juu ya nini walimuamini? Aristote anasema musemaji anashawishi kwa njia tatu: hoja yake, hisia zenye anaamsha, na namna yeye mwenyewe anaonekana kuwa mutu wa kuaminika. Hii ya tatu, yenye Wagiriki waliita ethos, haikuhitaji maelezo siku ile. Ku mwezi wa kwanza wa mwaka uleule 1960 Lumumba alikuwa gerezani Jadotville, Likasi ya leo, na alitolewa juu ya kwenda Table Ronde ya Bruxelles. Watu walijua. Neno « tulipitia » mu kinywa yake lilikuwa na uzito wenye halingekuwa nao mu kinywa ya mutu mwingine mu chumba kile.

Sitaki kuficha upande wa pili. Kuleta mahakama ku sherehe kuna bei. Wabelgiji walikasirika sana, na siku ileile, wakati wa chakula, Lumumba alitoa maneno mengine ya upole, akaisifu Ubelgiji na mufalme wake. Wagiriki walikuwa na neno kairos, maana yake wakati wenye kufaa. Je, asubuhi ile ilikuwa kairos? Mu chumba, pengine hapana. Lakini redio zilikuwa wazi, na inchi nzima haikuwa mu chumba. Miye nafikiri alichagua wasikilizaji wake akijua. Mwenzangu mumoja mwalimu wa historia hakubali, tunabishana juu ya jambo hili kila mwaka.

Sasa, mwanafunzi akishia kwa Lumumba, atazani retoriki ni chombo ya wenye haki tu. Njo maana mimi nyuma ya 1960 ninapeleka watu ku tarehe 24 Aprili 1990, N'Sele. Mobutu anatangaza mwisho wa chama kimoja. Anafika mahali, sauti inakatika, analia, anaomba watu waelewe hisia zake: « Comprenez mon émotion ». Warumi walikuwa na sehemu tano za kazi ya musemaji, na ya mwisho waliiita actio: mwili, sauti, macho, nguo, machozi. Démosthène, vile wanasimulia, alipoulizwa kitu gani ni cha kwanza mu kazi ya kusema, alijibu ni ile, na ya pili ni ile, na ya tatu ni ile. Machozi ya N'Sele yalifanya kazi. Watu walitoka barabarani kufurahi. Tarehe 3 Mei alisimama tena kueleza na kupunguza yale alisema. Na usiku wa tarehe 11 kuamkia 12 Mei, wanafunzi walishambuliwa ku campus ya Lubumbashi. Mpaka leo watu hawapatani juu ya hesabu ya waliokufa.

Siwezi kusema kama machozi yalikuwa ya kweli ao ya uongo. Retoriki haipimi moyo. Inauliza swali ingine: wakati wote tulikuwa tunaangalia uso, ni kitu gani ku karatasi hatukusikia? Ukiwapa wanafunzi hotuba bila picha, maandishi tu, wanaona haraka sana nani anabaki na mamlaka na mpaka lini. Ukiwapa video mbele, hawaoni.

Hapa naungama kosa yangu. Si zamani sana nilituma mu groupe yetu ya WhatsApp audio ya sekunde makumi ine, mwanasiasa mumoja anasema maneno makali juu ya watu wa jimbo ingine. Nilikasirika, nikatuma bila kufikiri. Siku mbili nyuma mutu akatuma hotuba nzima: yule bwana alikuwa anarudilia maneno ya mupinzani wake juu ya kuyakataa. Waliokata audio walijua kazi yao. Walikata mahali penyewe. Miye, mwenye ninafundisha dispositio, mupango wa hotuba, kipande gani kinakuja mbele na gani nyuma, nilidanganywa na mukasi. Wawili mu groupe ile wanatoka jimbo lile. Mumoja ametoka mu groupe, na hajarudi hata nilipoomba musamaha.

Tangu siku ile nabadilisha zoezi. Kila wiki mudogo ananiletea audio moja yenye inazunguka, na mbele ya kuuliza ethos, pathos, anafora na mengine, anaandika juu ya karatasi: nani anasema, kwa nani, wapi, na kipande hiki kimetoka ku sehemu gani ya hotuba, mwanzo ao katikati. Mara nyingi mustari wa mwisho unabaki wazi. Wiki hii alikuja na tatu, zote mustari wazi, akaketi ku ngazi ya nyumba, akaanza kutafuta hotuba nzima.