Sindano ya Mgongo: Nani Analipa?

Haya vijana, leo tuongee pesa. Mama akijifungua kwa upasuaji, mara nyingi hudungwa sindano ya ganzi mgongoni. Kiuno kwenda chini hasikii uchungu, lakini yuko macho.

Je, ni bei gani? Sindano haiji peke yake. Kuna dawa, mtaalamu wa ganzi, chumba cha upasuaji na kitanda. Asiye na bima huandikiwa bili ya vyote, na kila hospitali ina bei yake.

Hapa Kenya, SHA ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024. Kwa viwango vya mwaka huo, hulipia upasuaji wa kujifungua shilingi 30,000, ganzi ikiwa ndani. Uliza mapema kama hospitali yenu inadai zaidi.

Lakini angalia! Kujiandikisha tu hakutoshi. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara hulipa ya mwaka mzima, isiyopungua 300 kwa mwezi, yaani 3,600.

Kwa hivyo msingoje uchungu uanze. Ulizeni nyumbani leo: "Ya mwaka huu imelipwa?"