KUTAYARISHA MABATI YA MAGARI KABLA YA KUPAKA RANGI

Katika kukagua vitabu vya vyama, si ajabu kukuta hati mbili za malipo ya rangi, za gari moja, katika mwaka mmoja wa fedha. Lawama huangukia duka lililouza rangi. Lakini pale ambapo bodi au madigadi ni ya bati lenye zinki, kosa aghalabu halimo katika rangi bali katika matayarisho.

Zinki hukinga chuma kwa njia mbili: hukizuia kisifikiwe na maji, na palipo na mkwaruzo huliwa yenyewe kwanza, chuma kikasalimika. Hata hivyo, rangi za kawaida za mafuta hazipatani nayo. Mafuta yaliyomo katika rangi yakikutana na zinki hugeuka polepole kuwa kitu mfano wa sabuni baina ya bati na rangi. Unyevu ukiingia, rangi huambuka. Ndiyo sababu gari huweza kutoka gereji likiwa linang'aa, na baada ya masika likawa na mabaka.

Basi fundi na afuate utaratibu huu:

1. Aoshe bati kwa maji ya sabuni, alisuuze na kulikausha. Kisha afute mafuta kwa tina, mbali na moto, akibadili kitambaa mara kwa mara.

2. Unga mweupe, yaani kutu ya zinki, ausugue kwa brashi ngumu ya nailoni.

3. Apitishe msasa laini mpaka mng'ao ufifie tu, kisha afute vumbi. Tabaka la zinki ni jembamba kuliko unywele. Akikwangua hadi chuma, ameondoa kinga ambayo chama kimekwisha kuilipia.

4. Amwagie maji safi. Yakitandaa sawasawa, bati ni safi. Yakijikusanya matone, mafuta bado yapo, na arudie hatua ya kwanza.

5. Likikauka, apake siku hiyo hiyo rangi ya kwanza ambayo kopo lake limeandikwa kuwa inafaa kwa mabati ya zinki, ndipo ifuate rangi ya juu.

Zinki isiondolewe kwa moto, kwani moshi wake huleta homa.

Kamati za vyama zinashauriwa zisiidhinishe malipo kabla hati haijataja rangi ya kwanza iliyotumika, na mjumbe mmoja awe ameshuhudia jaribio la maji. Jaribio hilo halina gharama. Kupaka upya hulipwa kwa mazao ya wanachama.