Ghost of Sparta ku simu: hadithi ambayo tumeirukaruka

Leo tuache kidogo mambo ya barua za kuomba kazi, tuongee mchezo.

Ukishika simu ya kijana wa hapa kwetu, awe wa Mboko, wa Baraka ao wa Fizi, ukafungua ile programu ya PPSSPP, mara nyingi utakuta vitu viwili: mpira na Kratos. Mpira tuuache. Kratos njo yule mwanaume mweupe kama majivu, mwenye mchoro mwekundu ku mwili na visu viwili vilivyofungwa ku minyororo. Ku PSP alipata michezo yake miwili: Chains of Olympus mwaka 2008, kisha Ghost of Sparta mwezi wa 11 mwaka 2010. Hii ya pili njo nataka kuielezea. Wachezaji wengi ninaoongea nao wameimaliza mara mbili, mara tatu, lakini ukiwauliza Kratos alikuwa anatafuta nini, wanakujibu: "Anapiga miungu." Maneno iko mu Kiingereza, mtu anabonyeza, anaruka, anaendelea kupiga. Na kumbe ni hadithi ya kaka anayemtafuta mdogo wake aliyechukuliwa na watu wa vita. Kwa mtu wa Fizi hiyo haiko hadithi ya mbali.

Kwanza mashini yenyewe, juu wengi wetu hatujaishika hata siku moja. PSP ya Sony ilitoka Japani mwezi wa 12 mwaka 2004: kioo cha pikseli 480 kwa 272, na kisahani kidogo kiitwacho UMD, kisichobeba zaidi ya Giga 1.8. Michezo yote miwili ilitengenezwa na Ready at Dawn, kampuni ya California. Siye tumeijua kupitia simu tu. Mu 2012 Henrik Rydgård, mtaalamu wa programu kutoka Sweden, alitoa PPSSPP, programu inayoifanya simu ijione kama PSP. Ni ya bure, na kodi zake ziko wazi kwa kila mtu. Mchezo wenyewe ni mambo mengine. Ule tunaokopiwa ku kadi memori pale tunapochajisha simu, watu waliufanyia kazi miaka na hawakuona hata franka moja yetu. Nalisema tu, mimi siko polisi. Na hiyo Ready at Dawn yenyewe imekufa: Facebook iliinunua mu 2020, na mwezi wa 8 mwaka 2024 kampuni hiyo hiyo, ambayo sasa inaitwa Meta, ikaifunga.

Sasa hadithi. Wengine wanasema Ghost of Sparta ni "muendelezo wa Chains". Ni kweli nusu. Chains inasimulia mambo ya kabla ya God of War ile ya kwanza ya mwaka 2005, wakati Kratos angali mtumishi wa miungu. Ghost inakuja kisha ile ya kwanza, mbele ya God of War II. Kratos amekwisha kumuua Ares na kukalia kiti chake. Ni mungu wa vita, ana kila kitu, na halali usingizi. Anaota mama yake, anaota mdogo wake. Basi anaacha kiti, anapanda mashua kwenda Atlantis, na Athena anamkataza bila kumueleza sababu.

Sababu tunaielewa kidogo kidogo. Kulikuwa unabii kwamba mtu mwenye alama ku mwili atauangusha mlima wa miungu. Kratos na Deimos wangali watoto, wako wanafanya mazoezi ya vita na fimbo, Ares na Athena wakaingia mu mji na wapanda farasi. Deimos alikuwa na alama za kuzaliwa, basi wakamchukua yeye. Kratos alijaribu kumshika, Ares akamtupa pembeni. Kile kidonda cha jicho kilitoka siku hiyo. Na ule mchoro mwekundu tunaoujua wote, ule vijana wanauchora hata ku madaftari, Kratos aliuweka ku mwili wake kwa kuiga alama za mdogo wake, asimusahau. Wangapi kati yetu tulilijua hilo? Tuliona ni urembo wa shujaa tu.

Katika Atlantis anamukuta mama yake, Callisto, mgonjwa, karibu kufa. Mama anamuambia: Deimos yuko hai, yuko mu milki ya Thanatos, mungu wa kifo. Kisha anataka kumutajia jina la baba. Mbele hajalitaja, anageuka mnyama, na mchezaji analazimishwa kumupiga mama. Hapo nimeona vijana wakicheka kwanza, kisha wakinyamaza. Mu kukata roho anarudia sura yake, anamushukuru mtoto na kumutuma aende akamutafute mdogo wake.

Nalisimama hapa kwa sababu. Tangu 1996, na tena 1998, watu wa eneo letu walivuka ziwa kwenda Kigoma. Wengine waliingia kambi ya Lugufu, wengine Nyarugusu. Tangu 2005 mashua za HCR zilikuwa zinawarudisha watu hapa Baraka. Katika kukimbia huko kuna familia zilizopotezana, na Msalaba Mwekundu ulikuwa unabeba vile vibarua vya kuulizia: fulani yuko wapi, angali hai? Na mtoto kuchukuliwa na watu wenye silaha, hapa kwetu hakuna anayehitaji kufasiriwa. Watengenezaji wa California hawakutufikiria sisi, hilo najua. Lakini mchezaji analeta maisha yake mbele ya kioo, na kioo hakiulizi kimetengenezwa kwa ajili ya nani.

Kwa hiyo kipande chenye nguvu kuliko vyote, kwa maoni yangu, haiko ile vita kubwa ya Thanatos. Ni pale Kratos anamufikia Deimos, anamufungua, na Deimos anamurukia kumupiga. Hakumukumbatia. Kwake yeye, kaka aliapa hatamuangusha, kisha hakuja. Miaka yote hiyo mu mateso, kaka alikuwa anapata vyeo. Mtu aliyemungoja ndugu arudi kutoka porini, kisha akamuona amerudi na hasira kuliko furaha, atakielewa hiki kipande bila kamusi. Wanapatana tu wakati Thanatos amemuburuta Deimos mpaka ku maporomoko, na Kratos anamushika mkono asianguke. Safari hii hakumuachilia.

Ukiilinganisha na Chains, mtaona tofauti ya moyo. Chains nayo ina kipande kimoja kizito: Kratos anamukuta mtoto wake Calliope mu nchi ya wafu, na ili aiokoe dunia lazima amuache, na mchezaji mwenyewe njo anabonyeza kitufe kumusukuma mtoto anayemukumbatia. Kitufe kile kile cha kupigia watu! Hilo wazo ni kali sana. Ila pembeni ya hapo, Chains ni fupi, mchana mmoja kijana anaimaliza, na katikati unazunguka mapango yanayofanana. Ghost ni ndefu zaidi, na mahali panabadilika: mji wa baharini, volkeno ya Methana, theluji, kisha Sparta yenyewe, ambako raia wanamupokea Kratos kama mtoto wa nyumbani. Ni moja ya mara chache mu michezo hii yote ambapo unatembea tu, hakuna wa kupiga, watu wanakuinamia.

Mu kupigana kuna vitu viwili vipya vilivyokubaliwa na wote. Cha kwanza ni moto ambao Kratos anaupata volkenoni: ukishika kitufe cha R visu vinawaka, vinavunja hata maadui wenye silaha za chuma, na moto unarudi wenyewe ukiacha kidogo. Cha pili ni mkuki na ngao ya Sparta. Ngao inakuwezesha kusonga mbele huku umejikinga, kitu ambacho visu haviwezi. Wengine wanasema inafanya mchezo kuwa mwepesi. Mimi nasema inafaa sana ku simu, juu ku kioo cha kugusa kukwepa ni mateso: PSP ilikuwa na kijiti kimoja tu, basi ili Kratos aruke pembeni lazima ushike L na R pamoja, huku kidole gumba kinasukuma kijiti. Ku mashini ya kweli ni rahisi. Ku simu ya inchi 5, vidole vinafunika nusu ya vita.

Na simu dhaifu itakusumbua. Ghost ni moja ya michezo mizito kabisa ya PSP. Ukiona sauti inakatika na Kratos anatembea kama yuko mu matope, ingia ku mipangilio ya picha, rudisha ukubwa wa picha ku kipimo cha PSP yenyewe, kisha ruhusu programu iruke fremu moja ao mbili. Picha itakuwa chapwa kidogo lakini itatembea. Na uhifadhi mara kwa mara, kwa vile betri inakwisha haraka na jua la kuchajisha haliko saa zote.

Wasomi wa historia, angalisho: msiipeleke hii mu mtihani. Mu masimulizi ya kweli ya Wagiriki, Deimos ni mtoto wa Ares na Aphrodite, jina lake maana yake ni hofu, na hana undugu wowote na Kratos wa mchezo. Atlantis yenyewe inatoka ku Plato. Na Sparta wanayoipamba hivi ilisimama ku mgongo wa watumwa, maheloti, ambao hauwaoni ku kioo wakitajwa hivyo.

Kitu kimoja hakinifurahishi. Ulaya mchezo huu umewekewa miaka 18, na haiko bure: kuna damu nyingi, kuna nyumba ya wanawake ambayo Kratos anaingia, na kuna Mfalme Midas anayeburutwa akipiga kelele mpaka mikono yake iguse lava na kuigeuza dhahabu, ili Kratos apate pa kupita. Pale ku kuchajisha simu, mtoto wa miaka 9 anakopiwa faili hilo hilo bila swali. Wazee wanaosema mchezo huu ni wa mashetani wanakosea neno, lakini wakisema haumfai mtoto, wanasema kweli. Ni juu yetu sisi kaka na dada zao, tunaojua kilichomo ndani, kuwaambia wenye vibanda.

Kuhusu mwisho, wachezaji hawajakubaliana. Ndugu wawili wanapigana na Thanatos pamoja, Kratos amemupa mdogo wake mkuki na ngao. Thanatos anamuua Deimos. Kratos anamuua Thanatos, anambeba maiti ya mdogo wake, anapanda naye mlima polepole na kumuzika. Athena anakuja kuomba msamaha, Kratos anamupita. Kuna wanaosema ni kazi ya bure: masaa yote haya, betri yote hii, kwa kwenda kuzika. Rafiki yangu mmoja wa Baraka aliwajibu kwamba angalau Kratos anajua kaburi liko wapi. Hakuna aliyemujibu, wakarudia kuchagua mchezo mwingine.