Mpangaji Ahama, Ukuta Wabaki: Nani Alipe?

Askari polisi aletewapo barua ya uhamisho kutoka Kampala kwenda Arua, hapati nafasi ya kutengeneza chumba alichopanga. Godoro hufungwa kamba, masufuria hutiwa guniani, na kabla gari halijaondoka mwenye nyumba amekwisha simama mlangoni akihesabu matundu ya misumari. Amana anayo yeye, naye hataki kuirudisha. Hapo ndipo ugomvi uanzapo.

Jambo hili lawahusu wengi miongoni mwa wasomaji wetu. Waliowahi kuishi katika kambi za Naguru au Nsambya wanavikumbuka vile vibanda vya bati vya mviringo, vilivyoitwa “mama ingia pole” kwa udogo wake. Asiyepata nafasi kambini hupanga muzigo, yaani chumba kimoja katika safu ya vyumba, huko Kireka, Bwaise au Makindye. Lakini huenda mwenye mizigo hiyo naye ni askari mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo chake, na kodi ndiyo karo ya wajukuu. Kwa hiyo hatuandiki ili kumtetea mmoja na kumlaani mwenziwe.

Sheria tangu zamani hutenga mambo mawili. Uchakavu wa kawaida ni kazi ya siku na matumizi: rangi hufifia, sakafu ya saruji hupauka panapokanyagwa, kitasa hulegea, bati hushika kutu. Hayo mpangaji amekwisha yalipia katika kodi. Uharibifu ni kazi ya mkono au ya uzembe: kioo kilichovunjwa, mlango uliopigwa teke ufunguo ulipopotea, nyaya za umeme zilizounganishwa ovyo. Maji ya mafuriko yaachayo alama ukutani, kama ilivyo desturi yake Bwaise wakati wa masika, si kosa la mpangaji hata kidogo.

Ugumu umo katika masizi. Muzigo hauna jiko. Mama hupikia sigiri barazani, na mvua ikinyesha huiingiza ndani. Je, ukuta uliofanywa mweusi na moshi umeharibiwa, au umechakaa? Sisi twaona kwamba aliyejenga chumba kimoja bila mahali pa kupikia alijua familia itapika, basi moshi uliotua kidogo kidogo ni uchakavu. Lakini sakafu iliyopasuka kwa makaa yaliyomwagwa ni uharibifu. (Na tuseme kwa kupita: sigiri ndani ya chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na harufu, iuayo watu usingizini. Rangi ya ukuta ni jambo dogo mbele ya hilo.)

Hata palipo na uharibifu, mwenye nyumba hana haki ya kulipwa kitu kipya badala ya kikuukuu. Tuseme mlango ulinunuliwa kwa shilingi 200,000, ukatarajiwa kudumu miaka 10, nao ulikuwa umetumika miaka 7 ulipovunjwa. Iliyobaki ni miaka 3. Deni la haki ni shilingi 60,000. Mstaafu aweza kunung’unika kwamba fundi hatamwuzia sehemu ya mlango. Ni kweli, lakini ile miaka 7 alikwisha ilia kodi.

Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 yataka mapatano yenye thamani ya shilingi 500,000 au zaidi yawe ya maandishi. Hata chini ya hapo, andikeni. Siku ya kuingia, mwenye nyumba na mpangaji wazunguke chumba pamoja wakiandika hali ya mlango, madirisha, vitasa, sakafu na dari. Watie sahihi nakala mbili, na ikiwezekana mwenyekiti wa LC 1 awe shahidi. Picha za simu zafaa pia. Na pale bati linapoanza kuvuja, mpangaji aarifu siku ile ile, kwani tundu dogo lililonyamaziwa msimu mzima huozesha dari, na hapo naye huwa na sehemu yake ya lawama.

Siku ya kuhama karatasi hiyo husomwa tena, mlango kwa mlango. Shilingi 60,000 hukatwa, amana iliyosalia huhesabiwa mkononi mwa askari, funguo hukabidhiwa, nalo gari la Arua huondoka.